Ukoko Kwenye Mstari wa Maji

Uliuona. Usijitie hamnazo, uliuona. Ule ukoko mweupe wa chokaa uliozunguka bwawa la kuogelea la mtaa, pale maji yanapokutana na vigae, mgumu kama ukoga kwenye meno ya mtu aliyegombana na mswaki. Ulikaa ukingoni, ukaning'iniza miguu, ukahisi kitu kinakukwaruza vigimbi. Ukafanya nini? Ukasogea kidogo, ukakaa pengine. Jioni ukasema nyumbani kwamba bwawa limechakaa, na neno lako likaokotwa na watu waliokuwa wakilisubiri kwa hamu.

Ndivyo ulivyokwenda uwanja wa mpira wa pete. Wavu ulitoboka, ukapita. Nguzo iliinama, ukaizunguka. Siku lori lilipomwaga kokoto katikati ya uwanja, ulisimama na mikono nyuma ukasema, "Hata hivyo ulikuwa hauchezeki." Chumba cha kusomea magazeti nacho: paa lilipoanza kuvuja, ulihamisha kiti. Ukaendelea kuhamisha kiti mpaka ukajikuta nje, na mlangoni pameangikwa kufuli la mtu mwingine. Basi leo kaa hapohapo ulipo, usikie habari ya bwawa.

Bwawa lilikuwa na watu watatu wa kulitunza, na wote watatu walikuwa wa nyumba moja. Hilo lingekuwa jambo la heri kama nyumba yenyewe ingekuwa na masikilizano.

Maji yalikuwa ya Mama Klorini. Jina hilo alipewa kwa sababu harufu ilimtangulia. Akiingia dukani, mwenye duka alipiga chafya kabla ya kuuliza anataka nini. Alikuwa mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya pili, asiyekubali kushindwa na mtu yeyote, hata redio. Nchi kavu ilikuwa ya wifi yake, Bi Fagio: sakafu ya pembeni, vyumba vya kubadilishia nguo, dirisha la tiketi, na ufunguo wa bomba la kujazia maji. Langoni alikaa mlinzi, mume wa Mama Klorini na kaka wa Bi Fagio, mtu mpole aliyeota mvi mapema kwa kupeleka maneno kati ya mke na dada.

Mawifi hao hawakuwa wakisemezana. Ugomvi ulianza na sufuria ya kuazima iliyorudi na kishikio kimoja, na tangu hapo ulikuwa umekula chumvi nyingi. Kazini waligawana zamu wasionane: Mama Klorini aliingia alfajiri akaondoka jua likianza kuuma, Bi Fagio akaingia yeye akiwa ameshatoka. Wakagawana na mali pia. Kilicholowa ni chako, kilichokauka ni changu.

Ikabaki ile safu ya vigae vya samawati inayozunguka bwawa usawa wa maji. Hiyo ni ya nani? Wimbi likija, imelowa. Wimbi likirudi, imekauka. Basi ikawa haina mwenyewe, na ukoko ukapata pa kujenga bila kulipa kodi.

Siku wakipishana langoni, Mama Klorini alimwambia mumewe kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Mwambie dada yako vigae vyake vinaota ndevu."

Mlinzi akageuka nusu. "Dada, wifi yako anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie vigae viko ndani ya bwawa. Mimi ndani ya bwawa sina kazi."

"Mke wangu, anasema..."

"Mwambie viko juu ya maji! Anichovyee kidole aone kama kinalowa!"

"Dada..."

"Mwambie kidole changu hakichovywi na mtu!"

Mlinzi alibaki katikati akijipepea kwa kofia yake, akaomba moyoni aje mwizi yeyote amkimbize, apate pa kwenda.

Kama ungekuwa ugomvi wa wawili hao tu, ungekuwa mchezo mzuri wa kuigiza na sisi sote tungecheka. Lakini bwawa lilikuwa na mtu aliyelihitaji kama wewe unavyohitaji hewa. Alikuwa bibi mmoja, mama mzazi wa mlinzi na Bi Fagio, mama mkwe wa Mama Klorini. Magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Kwenye nchi kavu alitembea kwa fimbo na manung'uniko. Majini alitembea kama bibi arusi. Kila asubuhi alishuka ngazi ya bwawa na kina mama wenzake, akashika ukingo, akazunguka polepole, huku akisimulia umbea wa zamani ambao wahusika wake wote walishakufa, kwa hiyo haukuwa na kosa.

Na kwa Mama Klorini huyu hakuwa mkwe tu. Alipoletwa kuolewa, Mama Klorini alikuwa akiogopa maji hata ya beseni. Bibi ndiye aliyemshika mgongo katika bwawa hilohilo akamwambia, "Lala, mwanangu, nimekushika," na alipokuja kugundua kwamba mkono ulishaondolewa zamani, alikuwa anaelea peke yake akitazama mawingu. Hakulisahau hilo. Ugomvi wa sufuria ulikuwa na dada wa mumewe. Mama alikuwa mama.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuja kutembea kandokando ya bwawa. Alivaa viatu vya kung'aa, na mkononi alikuwa akizungusha funguo za gari refu ambalo halijawahi kupata pa kuegeshwa bila kugombana na mtu. Alikuwa akitazama urefu wa bwawa kama fundi cherehani anavyotazama mabega ya mteja.

"Shikamoo, mama," akamsalimu Bibi kutoka juu.

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu uje."

Akacheka. Bibi naye akacheka, akasogeza mkono kwenye ukingo kujivuta mbele, na hapo ukoko ukamkata kiganja. Ulikuwa na makali kama kopo lililofunguliwa vibaya. Uzi mwembamba wa damu ukashuka kwenye maji.

"Mnaona?" mwenyekiti alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani huku jicho liko kwenye sinia. "Nimesema mara ngapi? Bwawa hili limekuwa hatari kwa wananchi. Jumamosi asubuhi nitaleta wajumbe waone kwa macho yao. Ukingo ukiwa hivi, basi. Tutajaza udongo, tupige lami, watu wapate pa kuegesha magari yao kwa usalama."

"Watu gani?" Bibi akauliza, akifyonza kiganja.

"Watu, mama. Watu."

Mama Klorini alikuwa ameshika wavu wa kuvulia majani. Alitaka kumvua mwenyekiti. Lakini damu ilikuwa majini, na maji yalikuwa yake. Akamtoa mkwe wake bwawani, akamfunga kiganja kwa leso safi, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki.

"Mama, hili bwawa halijazwi udongo," akasema. "Labda wanijaze mimi kwanza."

"Wewe utataka udongo mwingi," Bibi akasema. Hata siku ya damu hakuacha utani.

Sasa uone watu wanavyoweza kuharibu kwa nia njema.

Siku ileile Mama Klorini aliingia stoo akatoka na dumu la asidi kali. Alijua lazima izimuliwe. Maandishi yalikuwa ubavuni mwa dumu kwa herufi kubwa nyekundu, ila mtu akiwa na hasira hasomi. Aliimimina kavukavu juu ya vigae karibu na ngazi. Ukoko ukachemka kwa povu, shhhhh, na yeye akacheka kwa ushindi mpaka moshi ulipompanda puani. Akakohoa machozi yakamtoka. Alipofumbua macho, ukoko ulikuwa umeondoka kweli, na saruji ya katikati ya vigae nayo imeondoka, na kigae kimoja kikamwangalia, kikaachia, chubwi, kikazama.

Upande wa pili, Bi Fagio alikuwa amepiga goti na brashi ya waya. Alikuwa ameingia zamu akamkuta mama yake na leso ya damu, naye Mama Klorini siku hiyo hakuwa ametoka. Alisugua kwa nguvu zote, na ukoko ukaondoka pamoja na mng'ao wa kigae. Ilibaki mikwaruzo kama paka amefungiwa humo, na vipande vya waya vilivyoanza kutoa kutu siku hiyohiyo.

Wakainua vichwa wakati mmoja, kila mmoja akaona kazi ya mwenzake.

"We wifi! Unakwangua vigae au unapara samaki?"

"Na wewe unasafisha au unayeyusha? Kigae kimezama kule!"

"Kimezama kwangu, kwenye maji, hakikuhusu!"

"Ah, leo vigae ni vyako? Andikeni, watu, leo kasema!"

Mlinzi alikuja mbio kupeleka maneno, akasimama ghafla. Wanasemezana wenyewe! Akakaa chini kwenye ngazi za vyumba vya kubadilishia nguo, akavua kofia, akajihisi kama mtu aliyestaafu.

"Endeleeni," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Mmoja ayeyushe, mmoja akwangue. Mwenyekiti ataokoa nauli ya lori."

Mama Klorini akaziba dumu. Bi Fagio akaweka brashi chini.

Bibi akaingiza mkono mzima kwenye mfuko wake wa kuogea. Akatoa taulo, akatoa chanuo, akatoa jiwe lake la kusugulia miguu, lile jepesi lenye matundu ambalo kila mwanamke analo bafuni kwa ajili ya magaga. Akaliangalia. Akaangalia vigae, akaangalia visigino vyake.

"Ukoko ni ukoko," akasema. "Nisogezeni."

Wakamsogeza na kiti chake, mmoja huku, mmoja huku, kwa mara ya kwanza wamebeba kitu kimoja. Akachovya jiwe kwenye maji, akasugua kigae taratibu, akachovya, akasugua. Uji wa kijivu ukateremka. Akapitisha leso. Kigae kikatoka samawati, laini, hakina hata mkwaruzo mmoja, kama siku kilipobandikwa.

"Mama!" Bi Fagio akashika mdomo.

"Mama nini? Mmeshindana na asidi na waya, hakuna aliyeuliza mtu mwenye magaga."

Hapo Mama Klorini akaamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Kwanza akajaribu jiwe kwenye kigae cha kona iliyojificha, aone kama kweli halikwaruzi. Halikwaruzi, mradi limelowa na kigae kimelowa. Likikauka tu linaanza kuuma. Kisha akapunguza maji ya bwawa yateremke upana wa kiganja, ukoko wote ubaki wazi. Kisha akapaza ile sauti yake ya ng'ambo ya pili, na safari hii ilikuwa na faida: "Kina mama wa asubuhi! Kila mtu na jiwe lake!"

Wakaja. Ndiyo, wakaja, tena bila barua ya mwaliko. Walikuja na mawe ya kijivu, mawe meusi, mawe yaliyolika yakabaki kama sabuni ya mwisho. Mmoja alikuja na jiwe la mumewe, akaapa kwamba mumewe ndiye mwenye visigino vibaya zaidi nyumbani. Pale ukoko ulipokuwa mwembamba walinyunyizia siki iliyochanganywa na maji, wakaiacha ilainishe, ndipo wakasugua. Pale ulipokuwa mnene, kwenye kona ambako jua la mchana hupiga na hakuna kivuli, Mama Klorini mwenyewe alishika asidi, na safari hii aliisoma. Alivaa glavu ndefu na miwani ya kujikinga, akasimama upepo ukimpiga mgongoni, akaweka maji kwanza kwenye ndoo ndipo akatia asidi kidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Alipaka kipande kidogo, akasuuza mara moja kwa maji mengi, akasogea.

"Usiisogeze hiyo karibu na klorini," Bi Fagio akamwonya. "Nimesikia zikikutana zinatoa hewa ya kuua."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Miaka yote nyumbani unamfokea kaka, mimi dirishani nasikiliza."

Mama Klorini akatazama pembeni, tabasamu lisionekane.

Vicheko vilijaa ukingoni. "Wifi, sugua, usipapase! Kigae si shavu la mchumba!" "Mwaka huu tutalala na miguu ya mamba, mawe yote yameisha hapa." "Mume wangu kasema heri mamba kuliko asidi." Mlinzi naye alipewa kipande cha jiwe na kona yake, na alipojaribu kueleza kwamba lango halina mtu, mkewe alimwambia, "Mwizi akija mpe jiwe."

Mapengo ya saruji wakayaziba. Kigae kilichozama Bi Fagio alikizamia mwenyewe, yule aliyesema ndani ya bwawa hana kazi, akaibuka nacho mdomo wazi akihema, na wote wakampigia vigelegele. Jua lilipozama Jumatano, mstari ulikuwa umekwisha. Walilijaza bwawa mpaka mahali pake, wakakaa wakitazama. Maji yalikuwa na ukingo wa samawati mzunguko mzima. Mama Klorini alikuwa amesahau kwamba ni rangi hiyo.

Kesho yake asubuhi akafurahi. Mchana mumewe akamfuata nyumbani mbio: "Njoo uone."

Juu ya vigae vilivyosuguliwa kwa mikono ya mtaa mzima kulikuwa na vumbi jeupe, hafifu, kama mtu amepuliza unga. Alipitisha kidole. Haukuwa unga. Ulikuwa umeanza kushika.

Jumamosi ilikuwa imebakiza siku moja tu mlangoni, na kamati ikiona weupe, weupe ni weupe. Akamwona mama mkwe wake kwenye kiti chake cha plastiki, kiganja kimefungwa, anatazama maji bila kusema utani. Bibi asiposema utani, hali ni mbaya.

"Kuna mtu anautia," Mama Klorini akasema, na macho yakaenda kwa wifi yake.

"Yupo kweli," Bi Fagio akasema, na macho yake yakaenda hukohuko yalikotoka.

"Kesho sitoki hapa. Nakaa nikuone toka asubuhi mpaka jioni."

"Kaa. Na mimi nakuja alfajiri nikuone wewe."

Hawakujua kwamba hicho ndicho kitu pekee walichokuwa hawajawahi kufanya. Kwa miaka yote ya sufuria, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akifanya kazi yake ya kila siku.

Alfajiri Bi Fagio akaketi, mikono kifuani. Mama Klorini akatoka na ndoo ya klorini ya unga, akaanza kuzunguka ukingoni akiitupa kwa kiganja kama mkulima anayepanda mbegu, kwa madaha, huku akiimba.

"Hee!" Bi Fagio akasimama. "Hiyo inayoangukia vigae ni nini?"

"Klorini. Kazi yangu."

"Mbona maji ya pembeni yanageuka maziwa?"

Mama Klorini akaangalia. Kweli. Kila alipotupa, ukingo uligeuka maziwa kidogo, na chembe zililala juu ya vigae. Klorini ile ya unga ilikuja imebeba chokaa yake mwenyewe, na yeye alikuwa akiipaka ukutani kila siku ya Mungu. Stoo kulikuwa na madumu ya klorini ya maji, isiyo na chokaa. Aliyakwepa kwa sababu yanavunja mgongo.

"Na kile kipimo chako cha maji," Bi Fagio akaendelea, maana alikuwa ameonja ushindi, "chupa hii unaitumia, na hii nyingine?"

"Hiyo? Hiyo... huwa inakuja nayo tu."

"Inakuja nayo kufanya nini? Kusindikiza?"

Wakaitumia. Tone likaanguka kwenye kichupa cha maji ya bwawa, na maji yakawa waridi kali kama midomo ya Bi Fagio siku ya harusi. Kwenye kadi ya rangi iliyokuja na kipimo, rangi hiyo ilikuwa mbali kabisa na ile inayotakiwa. Asidi imepungua: maji yameelemea upande unaoiachia chokaa ing'ang'anie popote ipatapo. Mama Klorini alikiinua kichupa mwangani, akakilinganisha na kadi mara ya pili. Bi Fagio alicheka mpaka akajishika mbavu.

Alicheka mpaka mchana. Maana mchana, jua likiwa utosini na vigae vinachoma kama kikaango, yeye akachukua ufunguo wake, akafungua bomba, akaburuta mpira wa maji, akaanza kujaza. Alipenda bwawa lijae pomoni, ndiyo fahari yake. Na mpira aliushika juu, maji yaruke, yameremete, watu wa dirishani waone.

"Hee!" sasa alikuwa Mama Klorini. "Hayo maji ya wapi?"

"Ya kisima."

"Kisima kirefu? Maji yaleyale ya birika la ofisini?"

Mawifi, Bibi na mlinzi wakaligeukia birika lililokuwa dirishani. Ndani lilikuwa na ukoko mnene kiasi kwamba chai ya watu wawili ilibaki chai ya mmoja. Na palepale mbele yao, matone yaliyorukia vigae vya moto yakakauka kabla hata hujapiga miayo, kila tone likaacha doa jeupe la duara.

"Kumbe ni wewe!" Mama Klorini akasema.

"Na wewe!"

"Mimi asubuhi!"

"Mimi mchana!"

Wakatazamana. Kisha kikatoka kicheko ambacho mlinzi alikuwa hajakisikia tangu siku ya sufuria, kicheko cha mawifi wawili wameshikana mabega, na Bibi kwenye kiti anapiga sakafu kwa fimbo, "Nimezaa! Nimeozesha! Jamani, nimejaaliwa!"

Hawakupoteza muda. Unga ukarudi stoo. Mlinzi akapewa kubeba madumu ya klorini ya maji, na mgongo wake ukaingia katika historia. Mama Klorini akayarudisha yale maji kwenye kipimo kidogokidogo kwa asidi iliyozimuliwa kwenye ndoo, pampu ikizunguka, akapima, akasubiri, akapima, mpaka waridi ikapoa ikalingana na kadi. Bomba likawa la jioni tu, jua likishatua, mpira ukiwa ndani ya maji usirushe hata tone. Na paani kulikuwa na mfereji wa mvua uliokatika ambao kamati iliahidi kuutengeneza wakati mwenyekiti akiwa bado ana nywele. Mlinzi akapanda akauunga, maji ya mvua yasiyo na chokaa yaweze kuingia kwenye tangi na kuzimua ya kisima. Mwisho wakasugua tena, kwa sponji laini tu, maana madoa ya siku moja hayahitaji jiwe. Hilo likumbuke. Ya siku moja hayahitaji jiwe.

Jumamosi mwenyekiti akaja na wajumbe wake, na nyuma yao mtu ameshika utepe wa kupimia magari yatakavyopangwa.

"Ndugu wajumbe," akaanza, akinyoosha mkono kuelekea ukingoni, "kama mnavyoona..."

Wajumbe wakaona maji. Wakaona samawati. Kina mama wa asubuhi walikuwa ndani tayari, vichwa vimepangwa kama machungwa sokoni, wote wanamtazama.

"Inawezekana kwa mbali haionekani," mwenyekiti akasema.

"Basi njoo karibu, mwanangu," Bibi akamwambia kutoka majini, na akanyoosha kiganja chake chenye kovu bichi. "Nipe mkono."

Mtu hamnyimi mkono mama wa watu mbele ya wajumbe. Akainama. Bibi akaukamata, akauweka juu ya vigae, akaanza kutembea. Naye akalazimika kufuata, ameinama, tai inachovya maji, viatu vya kung'aa vinapiga chapuchapu, kona ya kwanza, kona ya pili, wajumbe nyuma yake wakimfuata kama maandamano, na kila hatua Bibi anauliza, "Kimekukata? Bado? Twende."

Walipokaribia ngazi akasema "Aa!" akatoa mkono. Kidole kimechunika.

"Hicho kimoja tumekiacha," Mama Klorini akasema. Ni kweli; nyuma ya ngazi, kigae kimoja walikiacha na ukoko wake wote. Bibi ndiye aliyeamuru, na yeye ndiye aliyejibu: "Ili tusisahau. Na ili wewe ujue tunajua kilivyokuwa."

Mjumbe mmoja wa kike, mnene, mcheshi, alikuwa ameshavua viatu na kutia miguu majini. "Mwenyekiti," akasema, "mimi goti langu pia linanisumbua. Lami itanisaidia nini?" Wajumbe wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichopiga kura. Mwenye utepe akaukunja, akauliza tiketi inauzwa wapi.

Jioni ile mawifi walikaa ukingoni na sponji zao, mmoja upande huu wa ngazi, mmoja upande ule, wakifuta safu ambayo sasa ni ya wote wawili. Bi Fagio akatoa kitu kwenye kitambaa, akakiweka kati yao. Kishikio cha sufuria.

"Ulikuwa nacho wewe!"

"Sikujua pa kuanzia."

"Futa pale," Mama Klorini akasema, sauti yake ikiwa imepungua nguvu ghafla. "Umeruka kigae."

Lakini wewe usianze kupiga makofi. Mwenyekiti alipotoka alisema watatazama tena mvua zikiisha. Watarudi. Watu wa lori hawana haraka; wanakaa kwenye gari, wanasubiri wewe uchoke, usogee kidogo, ukae pengine. Na mstari unaendelea kujengwa sasa hivi, wakati unasoma, tone kwa tone, mahali ambapo kila mtu anaamini ni pa mwenzake. Unapajua mahali hapo mtaani kwako. Ulipita jana.

Jiwe liko bafuni. Nyanyuka, lichukue, lilowanishe, mgongee jirani mliyenuniana, mwende. Sasa hivi. Mimi sitaki kusikia kesho.